Vidole Kumi vya Mama

Apewe sifa Bwana, ndugu zangu! Nianze na hesabu, kwa sababu mnanijua. Kumuuguza mama yangu mpaka mwisho kulinigharimu mbuzi saba. Nimehesabu mara mbili, ni saba. Hao nililipa mimi. Lakini kulikuwa na wiki mbili za maumivu ambazo hazikuhitajika hata kidogo, na hizo alilipa mama. Ndizo zimenileta hapa mbele, na nasema kwa aibu.

Mimi ni dalali wa mbuzi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Kitengela ikiwa bado inanuka mbuzi kuliko simiti. Nilikuwa nanunua Kajiado na kuuza hapa kwa wenye bucha. Kazi yangu ina amri moja: ukitajiwa bei, kata nusu, halafu anza kulalamika. Mtu akisema elfu mbili, sikio langu linasikia elfu moja. Ndugu zangu, hiyo tabia haikubaki sokoni! Nilikata mahari, nikakata karo, hata fungu la kumi... Mchungaji, naona umeinua macho. Leo tuko kwa mama.

Mama alikuja kwangu kutoka Makueni akiwa na kansa ya kizazi. Daktari alisema imeenea, tumrudishe nyumbani tumtunze. Mimi nikasikia nusu. Nikasema, huyu atapona.

Basi akaanza kutujia muuguzi wa hospitali moja ya misheni huko Kajiado, dada wa Kimaasai, Sista Naserian. Kazi yake ilikuwa kuwafuata majumbani wale ambao hospitali imemaliza nao. Siku ya kwanza alimkuta mama amelala, kwa hivyo akanifundisha mimi: namna ya kumgeuza asitoke vidonda, namna ya kulowesha midomo yake kwa pamba. Akaniachia chupa ya mofini, ile dawa ya maji ya maumivu makali, akasema, "Kila asubuhi muulize maumivu ni vidole vingapi. Ngumi ni hakuna. Vitano ni maumivu makali kupita yote. Ukija kuchukua dawa utaniambia, nami nitajua kama kipimo kinatosha."

Mmesikia? Alimpa dalali kazi ya kupeleka bei!

Kesho yake nikamuuliza mama. Akatoa vidole vitano. Moyoni nikasema, huyu mzee ameanzia juu. Tena niliogopa. Niliona nikipeleka vitano nimekubali mama anakufa, na sokoni anayekubali kwanza ndiye ameshindwa. Siku ya soko nikapita hospitalini Kajiado. Sista akauliza, "Vidole?"

"Viwili. Siku mbaya, vitatu."

Akaniangalia. "Uko na uhakika, Baba Mumo?"

"Nimehesabu mara mbili, sista."

Akanipa kipimo kilekile.

Wiki iliyofuata mama akaanza kutoa mikono yote miwili. Vidole kumi! Ndugu zangu, nilicheka. Nikamwambia, "Mwaitu," ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "hii bei ya kumi umetoa wapi? Mwisho ni vitano!" Aliishikilia tu ile mikono juu mpaka kicheko kikaniishia. Na hata hivyo sikwenda kwa Sista. Mama hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kuuma blanketi. Majirani walidhani ametulia, na mimi nilijisifu kwao kwamba namtunza vizuri.

Mchana mmoja Sista akaja bila kuniambia. Safari hii alimkuta mama yuko macho. Akamwambia, "Supa, yieyo," kama anavyomsalimu mama yake mwenyewe, akakaa kitandani, akaomba nilete maji ya vuguvugu amwoshe. Niliporudi na karai, nikakuta mikono ya mama iko juu, yote miwili.

"Yieyo," Sista anamuuliza, "kipimo ni mkono mmoja. Mbona kumi?"

Mama akajibu kwa Kiswahili chake kidogo. "Huyu hupunguza. Nikisema tano, anafikisha mbili. Nikasema kumi, angalau tano ifike."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza hali ya barabara. Ndugu zangu, mama alinijua! Amelala pale, mgonjwa wa kufa, anatafuta namna ya kufanya biashara na mwanawe, ili apate tu haki ya maumivu yake. Nilitamani lile karai liwe na kina, niingie mzima.

Nilingoja Sista anitukane. Hakunitukana. Aliongeza kipimo palepale, halafu tukamwosha mama pamoja, yeye akinionyesha pa kushika. Tulipotoka nje kumwaga maji akaniuliza, "Na wewe, Baba Mumo, vidole vingapi?"

"Kimoja."

"Hiyo ni bei ya kuanzia. Niambie ya mwisho."

Mwanamume mzima, nililia mbele ya kuku! Nikatoa vyote vitano. Akasimama na mimi, hakuangalia saa. Akaniombea kwa Kimaasai, na sikushika neno ila jina la Mungu. Lakini hapo ndipo Bwana alinifungua, kwa maana hapo ndipo nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza: mama anakufa.

Aliishi karibu mwezi mwingine. Alilala usingizi. Akapata nguvu ya kunifokea, "Uji gani huu? Huu ni wa kunywesha ndama!" Asubuhi alitoa kidole kimoja, siku nyingine ngumi, nami nilipeleka kama nilivyopewa. Alikufa saa ya chai, mkono wake ndani ya wangu, uso umelegea. Na Sista alirudi hata baada ya mazishi, kuniuliza mimi nalala vipi. Mungu ambariki!

Mwaminini Mungu, ndugu zangu. Ukipiga magoti, mtajie uchungu wako kama ulivyo, usipandishe. Yeye hakati. Na kama nyumbani kwako kuna mgonjwa, mwamini anachokuambia.

Lakini sijamaliza. Tulipomzika mama Makueni, dada yangu Kalunde, ambaye hakuweza kuja kumuuguza, aliniuliza kando ya kaburi, "Mwaitu aliumia sana?" Nikasema, "Kidogo." Mtu aliyefunguliwa, na bado nikakata! Tangu siku hiyo, kila tukionana ananishukuru. Anakuja Pasaka hii. Nikimwambia ukweli, nitamtwisha mzigo ambao hakuwa nao. Nikinyamaza, naendelea kula shukrani isiyo yangu. Wengine wenu mmezika mama, na kuna mtu aliwaambia "kidogo." Baada ya ibada nitasimama pale mlangoni. Nawaomba mnishauri: ingekuwa nyinyi, mngetaka kuambiwa?