Piitaaraq Anastaafu, Kituo Hakistaafu

Ninyi wa ofisi kuu mjini, hamna haya. Mtu amewatumikia miaka thelathini na tisa, mnamletea keki kwa helikopta, na pamoja na keki mnatuma habari kwamba akishatoka, kituo chake cha kununulia ngozi kifungwe kwa sababu soko ni dogo. Keki tumekula. Habari hiyo imetukwama kooni.

Piitaaraq Kristensen, mnunuzi wa ngozi za sili, wanyama wa bahari ya barafu, hapa kijijini kwetu Greenland, anastaafu tarehe thelathini Aprili. Aliingia kazini akiwa kijana mwembamba, na mdomo wake ulikuwa huu huu. Mwindaji akileta ngozi yenye matundu, humwuliza, "Kaka, huyu sili ulimpiga risasi au ulimdonoa?" Sisi wanawake tunaopara mafuta kwenye ngozi hatukusalimika pia. "Dada, ukiipara hivyo tutauza pazia!" Lakini hakuna mwindaji aliyepunjwa mezani kwake, hata mmoja.

Wadenmark, wanaotutawala, walipoingia kwenye jumuiya ya biashara ya Ulaya, sisi Wagreenland tulipiga kura ya hapana. Wakatubeba hivyo hivyo, kama mtoto mgongoni. Baadaye tukashuka wenyewe, tukajitoa. Ila wanunuzi walibaki kule, na kule watu walikuwa wameona picha ya kichanga cheupe cha sili, wakalia sana. Huku hatuwindi vichanga hivyo. Nani alituuliza? Kwanza wakazuia ngozi za vichanga, na zetu za sili wakubwa zikakosa mnunuzi. Kisha wakazuia zote, wakatuachia upenyo: ngozi ya Mwinuiti, yaani sisi wenyeji wa huku, itapita ikiwa na cheti. Piitaaraq akajaza vyeti mpaka vidole vikakakamaa. Cheti kipo, mnunuzi hayupo. Ndiyo kukaribishwa harusini wakati sufuria zinaoshwa.

Majira fulani ya baridi hao wa Ulaya walimtuma mtu wao aje ahakikishe kwamba tunawinda ili tule. Akashuka na vijiglavu vya mjini. Piitaaraq akamwazima glavu za ngozi ya sili zilizoshonwa na marehemu mkewe. Siku zote alizokaa hapa, yule bwana hakuzivua, hata kwenye kahawa. "Bwana, kikombe hakiumi," Piitaaraq akamwambia.

Siku ya kuondoka, Piitaaraq akamwambia aende nazo. Mgeni akatazama huku na huku. "Nashukuru sana, mzee. Lakini nyumbani watanionaje?" Akazivua palepale penye helikopta, vidole vikaanza kuwa rangi ya zambarau.

"Basi ukifika waoneshe vidole," Piitaaraq akamjibu. "Waambie vyote kumi vimerudi salama."

Kijiji kizima kilicheka, naye akacheka pamoja nasi, maskini. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa majirani zake tu, na woga wa namna hiyo ndio mnaouita soko dogo. Glavu zile ziko kituoni mpaka leo, kwenye msumari.

Sasa sikilizeni. Sili tutaendelea kuwala, maana hapa hapaoti kabichi. Lakini kituo kikifungwa, ngozi zitatupwa baharini, na hela ya petroli na risasi haitakuwepo. Vijana watauza boti na kuja huko kwenu kukaa ghorofani wakiangalia ukuta. Piitaaraq analijua hilo. Mlipomwuliza anataka zawadi gani, aliwajibu, "Msinipe saa. Nipeni mtu." Mtu yupo: Ivalu, aliyechambua ngozi bega kwa bega naye majira matatu ya baridi, na ambaye tayari amejifunza na matusi yake.

Piitaaraq, ahsante. Pumzika vizuri, kahawa yako iwe ya moto na magoti yasikusumbue. Na usije kituoni kutusimamia.

Nanyi wa ofisi kuu: tarehe mosi Mei, leteni mkataba wa Ivalu kwa helikopta ile ile. Keki msilete. Mlango utakuwa wazi, na zile glavu atakuwa amezivaa Ivalu.