Mzee Bukuru na Saa ya Mashine

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Castory Bukuru, fundi na mtunza vifaa wa Kituo chetu cha Kisomo Nyota ya Ziwa, Kasingirima, anakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Ametushinda sote kwa kukaa. Hata bati la jengo amelishinda, maana la kwanza lilibadilishwa yeye akiwepo.

Aliajiriwa mwaka 1998 kulinda stoo yenye viti kumi na viwili na redio moja. Redio ikafa, akaifungua, ikapona. Tangu hapo hakuna aliyemwona tena na rungu. Kila chenye waya kilipelekwa kwake, ikiwemo pasi ya mke wa mkuu wa kituo, ambayo haikuwa mali ya kituo na wote tulijua.

Lakini kubwa lake ni kadi ya TV. Enzi za picha zenye chenga zilipokwisha na televisheni ikahamia digitali, watu walihangaikia ving'amuzi. Yeye alirudi na treni kutoka Dar es Salaam akiwa na kijikadi amekifunga ndani ya soksi. Akakichomeka ndani ya kompyuta ya ofisi, akavuta waya hadi kwenye antena juu ya bati, na kompyuta ikaonyesha televisheni. Tena ikarekodi kipindi yenyewe, watu wakiwa hawapo, mradi umeiandikia saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Kutafuta mawimbi kulichukua siku nne. Yeye juu ya bati anageuza antena, mpishi wetu Jovita dirishani anatazama picha inavyokatika vipandevipande, na kila ikitulia anapiga kelele: "Hapohapo!" Mpaka leo wapo watoto wa mtaani wanaomwamkia "Shikamoo, Mzee Hapohapo", naye huitikia marahaba bila kinyongo.

Asidhani mtu kwamba ulikuwa mchezo. Wanafunzi wetu wengi ni wavuvi wa dagaa na akina mama wanaokamua mawese, na vipindi vya elimu havikuwangoja. Mzee Bukuru aliwarekodia masomo ya hesabu, afya na kilimo cha michikichi, wakaja kutazama walipopata nafasi. Kila kipindi alikiandika kwenye daftari kwa mwandiko wake mkubwa.

Mwanzoni alikosea kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angekosea. Alitaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku, akaandika 2:00. Asubuhi tukafungua, tukakuta muziki na picha ya maua. Mashine kwake 2:00 ni saa nane usiku, watangazaji wamelala; saa mbili usiku ni 20:00. Alicheka mwenyewe, kisha akabandika karatasi ukutani: "SAA YA MASHINE. Mchana ongeza sita. Usiku ongeza kumi na nane."

Sasa tuje mwaka 2019. Watu wa televisheni walifika kuwapiga picha wanafunzi wetu, na aliyechaguliwa kusoma mbele ya kamera ni Bibi Regina wa Ujiji, miaka sitini na tatu. Kwa muda mrefu ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe alikuwa akisomewa na jirani yake, Mzee Mwinshehe, ambaye hivyo alizijua habari zake zote kabla yake. Mzee huyo alitangaza barazani kwamba atakapomwona Regina anasoma kwa macho yake mwenyewe, ndipo ataamini. Bibi Regina akaalika mtaa mzima uje kituoni jioni kutazama rekodi. Kipindi kilikuwa kirushwe Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mzee Bukuru alikuwa anakwenda Kasulu kumwoza binti yake. Alhamisi alimkabidhi kompyuta karani wetu wa masjala, akamwambia ajaze mwenyewe saa ya kurekodi ili ajifunze. Karani huyu ni mjuaji, hafundishwi kitu. Wiki moja kabla alikuwa ametundika kalenda ya duka la unga juu ya ile karatasi ya ukutani, eti inachafua ofisi. Akaandika 4:00, akabonyeza, akaenda kunywa chai.

Jumamosi ikafika, na saa tatu na nusu umeme ukakatika mji mzima. Hakuna nyumba iliyokiona kipindi. Kompyuta yetu peke yake ilikuwa inakula umeme wa sola. Saa kumi jioni ua wa kituo ulijaa, Bibi Regina amevaa kitenge kipya, Mzee Mwinshehe amekaa mstari wa mbele amekunja mikono. Karani akafungua rekodi. Muziki na picha ya maua. Jamani! Jasho lilimtoka karani mpaka kwenye viwiko. Ndipo akaona chini yake kuna rekodi nyingine, imeandikwa "Bibi Regina, saa ya mashine". Akaifungua, na Bibi Regina akatokea, ameshika simu, anasoma: "Mama, nitakuja Krismasi, usiuze mbuzi." Alisoma neno kwa neno, hakuruka hata moja.

Ua ulilipuka kwa vigelegele. Mzee Mwinshehe alisimama, akampa mkono jirani yake, akasema basi amestaafishwa. Kesho yake Bibi Regina akamletea karani samaki, migebuka minane iliyokaangwa kwa mawese, kumshukuru kwa kuitunza sura yake. Karani akapokea.

Karani huyo ni mimi. Alhamisi ile Mzee Bukuru aliiona ile 4:00 yangu, na ofisini kulikuwa na wageni. Hakutaka kunisuta mbele ya watu. Nilipotoka akaongeza rekodi ya 10:00, akaondoka zake. Aliporudi nilimuuliza, akanijibu tu: "Mwanangu, mashine haijui Kiha wala Kiswahili, usiigombeze." Miaka sita hajamwambia mtu, na mimi nimeendelea kupongezwa. Nimelisema leo, na nahisi nimetua gunia la mkaa.

Mzee wetu, kituo kizima kinasema asante. Mungu akujalie afya, usingizi mzuri wa mchana, na wajukuu watakaokuachia rimoti. Ile kalenda nimeitoa, karatasi yako inaonekana.

Na kwenye meza ya mbele kuna kikapu chenye jina lako. Ile migebuka ya Bibi Regina niliila yote peke yangu, na ilikuwa mitamu, sikatai. Hii minane nimeikaanga mwenyewe, na ni ya kwako. Imekaa hapo inakungoja tangu saa nne asubuhi, saa nne yetu.

Winfrida, karani wa masjala