Injini Niliyoiita Yangu

Sikilizeni wanangu, na wewe Gachanja, fundi mwenzangu, uliyekaa hapo mlangoni kama mtu mwenye haraka ya kwenda, sikiliza pia, kwa sababu leo nasema mara moja na mbele ya masikio yote, si kama nilivyofanya juzi. Juzi nilifanya aibu ambayo mtu wa miaka sabini na mbili, aliyefika Juba na Bukavu na Lubumbashi akarudi na meno yake yote, hakupaswa kuifanya. Mliingia mmoja mmoja nyuma ya pazia hili kuniomba radhi, kama ilivyo desturi yetu hapa Majengo ya Thika, mtoto amshike mzazi mkono wakiwa wawili tu na kusema yaliyo moyoni. Tahir ukatangulia, ukalia kidogo, halafu ukauliza, "Baba, ile injini ya kigari tuifungue tuifufue?" Nikakwambia, ifufueni, mwanangu. Farouk ukaja baadaye, hukulia, ukauliza, "Baba, hiyo injini si tuitoe tuweke ingine?" Nikakwambia, itoeni, mwanangu. Nilitaka kila mmoja atoke hapa akitabasamu. Maisha yangu yote nimekuwa mchekeshaji, na mchekeshaji haogopi kitu kama anavyoogopa uso uliokunjika. Nilipiga hesabu kwamba nitakuwa nimekufa kabla hamjakutana. Sikufa. Hata hilo limenishinda.

Jana asubuhi dada yenu Firdaus akawaleta, akawasimamisha miguuni mwa kitanda kama wezi wa kuku, wewe Farouk sikio limeshonwa nyuzi saba, wewe Tahir mkono uko kwenye plasta mpaka kiwiko, akaniuliza mbele yenu, "Baba, ulimwambia nani nini?" Nikajifanya nimezimia. Firdaus akanimwagia kikombe cha maji usoni. Sikumlaumu, maana mama yake angenimwagia chai.

Basi nimesimuliwa yote, wala msidhani kuugua ni kutosikia. Mmepigana Ruiru juzi ileile, ndani ya banda letu, mchana kweupe, watu wameegemea ua wanatazama kama mpira. Tahir ukasema huyu anataka kung'oa roho ya mzee kabla mzee hajafa. Farouk ukajibu, "Roho gani? Hilo ni debe linakunywa oili kama mlevi. Buda mwenyewe ameniambia litoke." Ukaitwa mwongo, na hukuwa mwongo, ukamwita mwenzako mwongo, naye hakuwa mwongo. Mwongo alikuwa Thika amejifunika blanketi. Hapo Tahir ukashika spana kubwa, ile ya kufungulia magurudumu ya lori, ukampiga ndugu yako upande wa kichwa mpaka sikio likaning'inia kwa ngozi. Na wewe Farouk, damu imekujaa jichoni, ukamkokota mpaka kwenye jiriwa, lile taya la chuma lililofungwa mezani, ukautia mkono wake humo ukazungusha. Wanasema mfupa ulilia kama muwa. Wanasema baada ya mfupa kulia ulizungusha tena.

Wahenga walituambia ndugu wakigombana tushike jembe tukalime, maana watapatana tu. Lakini tangu jana Tahir umeapa kwamba siku plasta itakapokatwa utamaliza ulichoanza, na Firdaus amekuta panga chini ya kiti cha kigari, Farouk, limenolewa pande zote mbili, na kule Ruiru hatuna shamba. Kwa hiyo sisemi nanyi habari ya chuma. Nasema nanyi kwa sababu nikifumba macho leo kabla jambo hili halijaisha, kaburi langu litachimbiwa jirani kabla udongo wake haujakauka.

Kigari mnakijua, lakini asili yake mmeisikia kwangu tu, na mimi ndiye shahidi mbaya kuliko wote. Meneja Mzungu wa shamba la kahawa kule Ruiru alikuwa na kiwanja cha gofu cha mashimo tisa, na kigari cha kumzungusha kwa sababu alikuwa na tumbo kubwa na miguu ya korongo. Alipoondoka mwaka wa sabini na nne, alitupatia mimi na Gachanja, tuliokuwa mafundi wake, akasema, "Kigari hiki ni chenu nyote wawili." Nasisitiza hayo maneno, nyote wawili, kwa sababu nyinyi hamjayasikia hata mara moja. Kilikuwa kimekufa injini. Gachanja akakitazama kwa dakika moja, akasema ile injini ni ya kutupa, akaenda nyuma ya stoo akarudi na injini ya pampu, ile iliyokuwa ikivuta maji ya mto kumwagilia miche, akasema tutie hii. Mimi nikacheka. Mimi niliyefungua malori msituni Kongo kwa mwanga wa kibatari, nitie injini ya pampu? Nikamwambia fundi hafukuzi injini kama anayefukuza mke. Naye akanijibu mbele ya vibarua, "Omar, umesafiri sana, lakini mkono wako haujafika popote."

Watu walicheka. Wanangu, nimewachekesha watu katika nchi saba, lakini siku hiyo nilichekwa, na tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko Ziwa Tanganyika. Nilikuwa nimeshika mpini wa kuwashia injini, ule wa chuma uliopinda. Nikauzungusha. Ulimpata jichoni. Nilisikia sauti ambayo siwezi kuieleza ila kwa kusema kwamba tangu siku hiyo sijala yai la kuchemsha, nanyi mlidhani ni tumbo. Akaanguka kifudifudi juu ya sufuria ya oili chafu, na mimi, badala ya kutupa mpini, nikampiga tena mgongoni, na tena, na nikampiga teke mbavuni, mpaka vibarua wakanibeba hewani nikiwa bado natupa miguu. Hasira hasara, ndiyo, lakini sikumwingizia mwenzangu hasara tu. Nilimwingizia giza nusu ya dunia.

Hospitalini polisi walimuuliza. Yeye huyu, kichwa kimefungwa bendeji kama kilemba, akasema springi ya injini iliruka. Akaandikisha hivyo, akatia kidole gumba. Na mimi nikashukuru kimoyomoyo, nikachukua kigari nikaenda zangu.

Ile injini niliifungua nikaifufua, ndiyo. Nikachonga silinda, nikatia pistoni na ringi, nikaipaka rangi ya kijani. Siku ya kumi na moja, nikiwa Murera nimempakia bibi harusi na shangazi yake, mkono wa pistoni ukakatika ukatoboa ubavu wa injini, kipande cha chuma kikaruka kama risasi, kikamuua mbuzi wa watu aliyekuwa anakula majani kando ya njia. Bibi harusi alifika kwake na damu ya mbuzi kwenye shela. Wenye mbuzi walinifukuza na marungu, nami nikakimbia vizuri, hilo nalijua.

Usiku ule nilikwenda nyuma ya ile stoo nikaichukua injini ya pampu ya Gachanja, nikaitia kwenye kigari, nikaifunika na bati nililolikata mwenyewe, nikapiga misumari ili mtu yeyote asifunue. Tena mara ya kwanza niliifunga ikawa inazungusha kinyume, nikatia gia ya mbele kigari kikarudi nyuma kikavunja mlango wa choo, na ndani kulikuwa na mtu. Lakini ikanyooka. Na kwa miaka ishirini na miwili nimewaambia nyinyi, na Ruiru nzima, na kila bi harusi na kila mzee niliyembeba kwenda kuzika, kwamba hii ndiyo injini niliyoifufua kwa mikono yangu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko barabara ya Juba, na bado naona vumbi mbele.

Kwa hiyo Tahir, roho ya baba yako uliyoitetea kwa spana haikuwamo mle. Mle mna pampu ya miche. Inamisha macho, hakuna ubaya, mimi ndiye niliyekufundisha kuiheshimu. Na wewe Farouk usitabasamu, kwa sababu uliizungusha ile jiriwa mara ya pili, na mara ya pili haikuwa hasira, ilikuwa raha. Naijua raha hiyo. Nimelala nayo miaka ishirini na miwili, ni mke asiyezeeka.

Nisaidie mto, Firdaus. Juu kidogo. Hapo.

Sasa mali. Sheikh amenikumbusha kwamba mrithi haachiwi wasia, fungu lake limeshakatwa na Mwenyezi Mungu, kwa hiyo vyumba viwili vya hapa na vyombo vya kazi mtagawana kama sheria inavyosema, na fungu la Firdaus lisiguswe na mtu. Ila kigari si chote changu kurithiwa. Nusu ni ya Gachanja tangu siku ya kwanza, na injini ni yake yote kwa sababu yeye ndiye aliyeikuta na mimi ndiye niliyeiiba. Nyinyi mmetoana damu juu ya kitu cha mtu mwingine, kama mbwa wawili wanaopigania mfupa ulio mdomoni mwa wa tatu.

Na kwa ufundi niseme kidogo, maana ufundi haudanganyi hata fundi akidanganya. Silinda ya pampu ile nimeichonga mara mbili tangu hapo. Ukuta wake umebaki mwembamba. Gonga kwa kucha, kisha usikilize. Yuko anayeweza kuifufua, labda, kwa uvumilivu na bahati, na yuko atakayesema isiguswe tena. Mimi sitasema. Juzi nilisema mara mbili na mmeona. Nimemwita mwenyewe, Gachanja, kutoka Ruiru, amekuja kwa miguu yake, hakuniuliza ninamwitia nini, na ndiye atakayekata shauri. Atakalosema, mtalifanya pamoja, Tahir ukishika kwa mkono ulio mzima na Farouk akifungua nati. Anayepinga, radhi yangu naichukua kwake sasa hivi, kabla sijaipeleka mbele ya haki.

Maji, Firdaus mama. Kidogo tu.

Gachanja. Sikuwahi kukwambia nisamehe. Nilikuletea sukari kila Idi, na nyama, na mizaha mingi. Mizaha zaidi. Nilikuwa nakaa upande wako wa jicho zima ili unione nikicheka, na upande ule mwingine nilikuwa siupiti. Nisamehe. Ukikataa ni haki yako pia. Usiniambie sasa, kama unataka, niambie kaburini, nitakuwa na nafasi.

Wanangu, mkinizika, msinipakie kwenye kigari. Nibebeni mabegani. Tahir mbele kulia, Farouk mbele kushoto, nyinyi wawili, na plasta yenu na nyuzi zenu, watu wawaone. Jeneza likienda upande, nitajua ni nani. Panga lile mpeni Firdaus. Mpeni leo. Akakatie sukuma wiki.

Mungu awape… awape mikono isiyonyanyuka haraka. Awape watoto wasiochekesha sana. Nimewawia radhi, wote watatu, juu na chini, ndani na nje. Nimewawia radhi.

Sioni vizuri. Nani amezima… Ni mchana? Basi.

Gachanja, uko? Waambie. Ifufuliwe, au ing'olewe. Sema wasikie, nami nisikie.

— Ing'oeni. Injini iliyochoka ni ya kutupa, nilisema hivyo nikiwa na macho mawili.