Zamu ya Kutikisa Kipanya

Benchi letu limeegemea kibanda cha Mchapaji, na mlango wake uko hatua mbili tu kutoka kwenye birika langu la kahawa. Kwa hiyo hakuna kinachoandikwa humo nisichokijua, hata barua za siri za jirani mmoja, ambazo leo nitazinyamazia. Juzi fundi aliiwekea kompyuta ya Mchapaji mfumo mpya. Tangu hapo usipoigusa dakika tatu, inalala. Ukiiamsha, inadai neno la siri, na neno hilo analijua fundi peke yake. Leo kapita asubuhi, kaifungua, kaahidi kuja kuliandika neno, kaondoka, na simu kazima. Humo ndani kuna barua ya binti wa Sindano, mshona nguo wetu: kurasa tatu za kuomba nafasi chuo cha uuguzi, mwisho wa kupokelewa saa sita mchana. Imebaki namba ya cheti tu, na binti kaifuata shuleni. Mchapaji kaenda kumsaka fundi nyumbani kwake, katuachia amri moja: mtikise kipanya kwa zamu, msiguse kingine.

— Breki, zamu yako, nikasema.

Breki ni dereva mstaafu, anaingia popote kwa kurudi nyuma. Akaingia, akatoka anajifuta vidole.

— Nimetikisa. Lakini mnaionea bure. Mashine imepandishwa cheo. Mtu akipandishwa cheo si ndiyo anaanza kusinzia ofisini?

— Usinichekeshe, wewe, Sindano akamjibu. Mwanangu kasubiri mwaka mzima. Mwaka jana alichelewa siku moja tu!

— Tulia, baba. Haraka haraka haina baraka.

— Saa nne na nusu hii, nitulie vipi?

Waziri akakohoa. Huyu hajawahi kuongoza hata kuku, jina kalipata kwa kutoa matamko.

— Si cheo. Mmeona lile tundu juu ya kioo? Lile jicho. Linaangalia. Likiona hakuna mtu mbele, linafunga duka.

— Basi tuliwekee mtu mbele.

— Mtu gani? Linajua sura! Ukikaa wewe Breki, si ndiyo itazima kabisa?

Tukacheka. Sindano hakucheka. Akaingia kutikisa, ingawa zamu haikuwa yake.

— Kioo kinawaka, akasema alipotoka. Bibi, nimiminie kahawa kidogo.

Nikammiminia. Nikamwambia aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo. Ndiyo methali iliyokuwa karibu.

— Bibi kanifungua macho! Waziri akaruka. Nimeelewa sasa. Huo mfumo umetoka wapi?

— Kwa fundi.

— Kabla ya fundi! Umetoka ng'ambo, kwa waliouunda. Na huko saa hizi ni usiku wa manane. Sasa ndugu zangu, mtoto wa watu anatoka kwao, kazoea kulala saa zao, mnamlazimisha akeshe?

Breki akakuna kichwa.

— Ng'ambo ipi? Wengine huko kwao ni jioni.

— Usiku!

— Jioni! Mimi nimeendesha magari ya masafa, najua jua linavyokwenda.

— Jua ulilikuta barabarani?

— Sindano, lete chaki yako.

Hapo ndipo tulipoharibu. Sindano hatoki bila chaki ya kukatia nguo. Akaitoa mfukoni bila kufikiri, Breki akachora dunia kwenye saruji, duara kubwa kama sinia. Kikombe changu kikawa jua. Waziri akakihamisha, Breki akakirudisha. Sindano naye akapiga magoti, maana duara lilikuwa limepinda na yeye hawezi kuona kitu kimepinda akanyamaza.

— Sisi tuko hapa, Breki akasema.

— Hapo ni baharini, mzee!

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Breki akafoka. Huo mfumo leo siku ya tatu, ufanye kazi!

Kelele zikakatwa na Mchapaji. Karudi kajaa jasho, fundi hakumpata. Alichungulia ndani, akashika kizingiti.

— Imelala.

Sindano akainuka na vumbi la chaki magotini.

— Zamu ilikuwa ya nani? Mchapaji akauliza.

Waziri akamtazama Breki, Breki akamtazama Waziri. Mimi niliinama kuangalia moto wa kahawa. Moto haukuwa na shida yoyote.

Ndipo binti akafika anahema, cheti mkononi.

— Namba hii hapa! Shikamoo Bibi. Shikamooni. Mbona mmekaa hivyo?

Baba yake akaninyooshea mimi kidole. Basi nikamweleza yote, tangu neno la siri mpaka dunia ya chaki. Akasikiliza mpaka mwisho, hakupaza sauti.

— Sasa dada, akamwuliza Mchapaji, si ungeitoa tu kwenye karatasi tangu asubuhi, ukaacha pengo? Hii namba ningeijaza kwa kalamu.

Waziri, mwenye tamko la kila jambo, akachunguza kucha zake. Breki akafuta dunia kwa soli ya kiatu, taratibu. Saa ya Sindano ilionyesha saa tano na dakika kumi, na chuo ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Binti akavuta kigoda changu, akachomoa karatasi nne za mistari kwenye daftari lake, akazipanga juu ya benchi walipokuwa wamekaa wanaume.

— Kalamu, akasema.

Tukampa tatu kwa mpigo. Akaanza kuandika barua yake upya kwa mkono, na hakuna aliyethubutu hata kunywa kahawa kwa sauti.