Koti la Marcellin Juu ya Kiti

Wasikilizaji wapendwa, kila asubuhi Léocadie alisikia mume wake akirudi kazini na kugonga dirisha la chumba chao, mtaani Yeoville. Ndipo alipomimina chai. Wiki ile ya theluji, Agosti 2012, majira ya baridi huku kusini mwa Afrika, chai ilikuwa tayari kikombeni. Dirisha halikugongwa. Uligongwa mlango. Alikuwa Ezéchiel, shemeji yake.

Leo tunamkumbuka Marcellin, fundi cherehani wa Bukavu aliyekuja huku kulinda geti la nyumba moja, mtaa wa Observatory. Alilinda usiku, bila kibanda. Alikuwa na kiti cha plastiki na koti alilolishona mwenyewe.

Mdogo wake, Ezéchiel, alilinda geti hilohilo mchana. Walinzi wa mtaa ule wana desturi: anayetoka humwachia anayeingia brandi kidogo. Wanaiita blanketi. Marcellin, mwanakwaya, aliikataa miaka mitatu.

"Eish, Pasta, Mungu muogope, lakini na baridi iogope," walimtania.

"Baridi ituulize mafundi," aliwajibu. "Koti langu lina bitana mbili."

Usiku ule alikunywa. Asubuhi Ezéchiel alimkuta amefariki. Koti alikuwa amelivua, amelikunja vizuri juu ya kiti.

Daktari alimweleza Léocadie. Pombe hufungua mishipa ya damu kwenye ngozi. Mtu anahisi joto, kumbe joto ndilo linalomtoka. Mwili ukipoa sana, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Narudia, wasikilizaji: pombe haimpi mtu joto. Inamnyang'anya.

"Alidhani amepona baridi," Léocadie aliniambia. "Mume wangu alikufa akisikia joto."

Mwenye nyumba aliyoilinda alituma maua. Kibanda hakijajengwa hadi leo.

Pole zetu ziwafikie Léocadie na binti yake, Chloé. Nawe unayesikiliza, fikiria unamwachia nini mwenzako anayeingia zamu.

Sasa Ezéchiel ndiye mlinzi wa usiku. Mwaka mzima, kila alipopita kusalimia, Léocadie alimpekua mifuko na kumwaga brandi yake. Juzi nilikuwepo.

"Mama Chloé," Ezéchiel akasema, "najua unanichukia. Mimi ndiye niliyemwachia ile brandi."

Léocadie aliliangua koti la Marcellin msumarini. Akamvika, akamfunga vifungo kimoja kimoja, hadi shingoni.

"Usilivue," akasema. "Shemeji, mimi nataka urudi asubuhi."