Kicheko na Moshi

Basi lilipotoka Arua, Mama Hasifa alikuwa ameshamgeuza jirani yake wa kiti kuwa mwanafunzi wake, na Tahiru, mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma yao, alisikia kila neno.

Jirani huyo, Kiden, alikuwa akienda Koboko kukutana na mumewe, Marino, aliyekaa Juba miaka mitatu. "Naogopa, mama. Tutalala kitanda moja kama wageni."

"Chukua kuni hii ya talihi," alisema Hasifa. "Sisi Wanubi, mume akirudi safari, bibi anajifunika blanketi, anakaa juu ya moshi mpaka ngozi inanukia. Mwanaume iko na pua, binti yangu. Kitanda ikitulia, nyumba inatulia."

"Kule kwetu Yei hatukuwa na moshi. Tulikuwa tunacheka gizani mpaka jirani anagonga ukuta. Mimi nataka ile kicheko kwanza."

"Kicheko! Kwani umeolewa na redio?"

Tahiru hakuamini kwamba moshi huleta furaha. Alikumbuka tu kwamba siku ambazo marehemu mkewe Aminah alijifukiza, yeye hakuchelewa kurudi kutoka shuleni, na kwamba Aminah alikuwa mcheshi. Kipi kilitangulia? Alifikiri hadi wakaingia Koboko.

Marino alikuwa akisubiri mlangoni mwa basi, amekonda. Alimnyooshea mkewe mkono, kama anayemsalimu mgeni wa heshima. Kiden aliushika, asiuachie, wakabaki wameziba mlango. Kondakta akafoka kwamba watu wanataka kushuka.

"Wewe, ngoja," alisema Mama Hasifa.

Tahiru, aliyekuwa na haraka, akaketi tena.