Historia ya Dada Yetu Mama Vigingi, Mpima Ardhi

Wafiwa wenzangu, majirani, na wote mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imeniagiza mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha yake, na imesisitiza nisifiche kitu.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa seremala na mama akifua nguo za watu, katika chumba kimoja cha kupanga ambamo tulilala mzungu wa nne mpaka tukafikia umri wa kuoneana haya. Alianza shule ya msingi Januari 1976, akamaliza sekondari mwaka 1987, akasomea upimaji ardhi, akaajiriwa na halmashauri ya mji tarehe 2 Januari 1991, na kwa kuwa alipita mitaani na nyundo mkononi na vigingi vya mipaka kwapani, watu wakamwita Mama Vigingi hata kabla hajazaa. Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, huyu shemeji yangu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2021 halmashauri ilipitisha ujenzi wa nyumba mia na ishirini kwa wapangaji wa hali ya chini, mimi na watoto wangu sita tukiwemo kwenye orodha, na mkandarasi akataka zijengwe kwenye bustani ya mji, maana pale ni tambarare na hakuna cha kubomoa. Dada aliipima bustani, akapima na gereji kuukuu ya mabasi iliyo nyuma yake, akaandika kwamba nyumba zote zinaenea kwenye gereji zikipanda ghorofa nne, na kwamba bustani ndiyo inayokunywa maji ya mvua ya mtaa mzima, ikizibwa watu watalala majini. Mkandarasi hakubishana na vipimo, alituma watu waseme mitaani, "Yule mama ana nyumba yake, miti anaipenda kuliko ninyi," nasi tukameza.

Tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, tulimvamia bustanini akiwa kazini, tukiwa zaidi ya mia mbili, wengine na fimbo, wengine na nondo, akainua mkono akasema, "Ndugu zangu, nyumba zenu zipo, njooni niwaonyeshe ramani," na kabla hajaikunjua nondo ikamvunja taya, akaanguka, wakampiga kwa mateke na kwa vyuma vya kifaa chake mwenyewe cha kupimia, jicho la kushoto likapasuka, na msaidizi wake aliyemlalia ili amkinge akavunjwa mikono yote miwili. Mimi ninayesoma nilikuwemo. Nilirusha jiwe moja, nikaliona likizama katika lile rundo, na mpaka leo sijui lilimpata nani.

Siku ya tisa nilikwenda hospitali nikakiri, shemeji akanikaba koo na kunigongesha ukutani mpaka damu ikanitoka puani, ndipo dada, ambaye taya lake lilikuwa limefungwa waya, akaandika kwenye karatasi, "Mwachie, ana watoto sita." Alipoweza kusema aliniambia, "Nyumba ilikuwa haki yako kuidai. Jiwe halikuwa haki yako."

Alirudi kazini Januari 2022 na jicho moja, akatetea ramani yake vikao kumi na kimoja, nyumba zikajengwa kwenye gereji, tukakabidhiwa Desemba 2023, na mkandarasi aliyewatuma wale watu mitaani hajahojiwa hadi leo. Majeraha ya kichwa yalimwachia kifafa, tarehe 6 Februari 2024 alianguka ofisini, akafariki tarehe 9, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliong'oa mlango wao wakambebea siku ile aliyopigwa, na wafanyakazi wenzake, hasa msaidizi wake. Wapo humu tuliokuwa pamoja asubuhi ile, nami siwataji, ila shemeji amesema mnaotaka kulibeba jeneza mje, na mimi ameniambia nishike mbele, bega kwa bega naye.

Dada, pumzika kwa amani.